Hekalu Lisilo na Mlima

Jumamosi moja usiku tulikuwa Forodhani, wale wale wa kila mwezi, tumekaa kwenye ukuta wa bahari na mihogo yetu na pweza, watoto wanajirusha majini kwa mikupuo na taa za wauza mishkaki zinapepea. Mwenzetu mmoja akatoa simu, akatusomea kwa sauti insha ya safari ambayo nadhani nusu ya wanaosoma hapa wameshaipitia, manake ilisambazwa kila kundi. Mwandishi ni Mtanzania, anaandika Kiswahili kizuri kuliko changu. Amekwenda Bhutan, amepanda mlima, amekuta hekalu la Wabudha la Taktsang limeganda kwenye ukuta wa jabali kama kiota cha mbayuwayu. Akarudi na maneno elfu mbili.

Alipomaliza kusoma watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Subhanallah." Mie nikasema sikuipenda.

Basi hapo ukaanza ugomvi, na nimeona niumalizie hapa maana pale nilizidiwa sauti. Niliambiwa nina wivu. Inawezekana, sijawahi kwenda Bhutan na sioni dalili. Niliambiwa pia kwamba waandishi wa habari hatuwezi kusoma kitu bila kuuliza nani, lini, wapi. Hilo nalikubali kabisa. Nilipofika nyumbani nikaifungua tena ile insha na kalamu mkononi. Neno ukungu limetokea mara 11. Kimya, mara 9. Milele, mara 6. Jina la mtu hata mmoja halimo. Watawa wamo, lakini "wanateleza kama vivuli". Hakuna anayefagia, hakuna anayepika, hakuna anayeumwa goti kwa kupanda ngazi zile. Hekalu limekaa mlimani peke yake, kama limeota.

Hivi sisi wa hapa, tuliozaliwa ndani ya kadi ya posta, tunawezaje kusoma kitu kama hiki tukashusha pumzi?

Maana tunajua. Tunajua vizuri mno jinsi mji unavyoandikwa na mtu aliyekaa siku tatu. Mlango wa njumu, paka juu ya baraza, harufu ya karafuu, adhana "ikielea" juu ya mapaa, halafu mzee mwenye kanzu nyeupe akikata kona na kupotea gizani. Yule mzee ni ami yangu. Hapotei. Anakwenda kugombana kuhusu bili ya umeme, na akikata kona ile anafika kwenye ofisi yenye foleni. Tumecheka sana maandishi hayo, tumeyakasirikia, wengine wetu tumeyaandikia tasnifu. Halafu mmoja wetu anapata pasipoti na tiketi, anafika kwenye mji wa watu wengine, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuwageuza wenyeji wake kuwa mzee wa kanzu nyeupe.

Si kosa dogo la mtindo. Ngoja nieleze kwa nini nalichukulia kwa uzito.

Taktsang ilijengwa mwaka 1692, kandokando ya pango ambalo masimulizi ya Wabhutan yanasema Guru Padmasambhava alifika akiwa juu ya mgongo wa chui milia jike, akakaa humo akitafakari. Iko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hayo yote insha inayo, na inayasema vizuri. Ambacho haina ni kwamba tarehe 19 Aprili 1998 jengo kuu la mahali pale liliungua moto. Kile wageni wanachokipiga picha leo, "kisichoguswa na wakati" kama alivyoandika mwenzetu, kwa sehemu kubwa kimejengwa upya na kumalizika mwaka 2005. Mbao, mawe na rangi ilibidi vipandishwe kule juu, kwa mikono ya watu wenye majina, walioagizwa na watu wenye majina, wakagombana kuhusu fedha kama watu wanavyogombana. Hiyo ndo habari kubwa ya hekalu lile! Nchi ndogo, masikini kwa vipimo vya mabenki, iliamua kwamba nyumba iliyoungua juu ya jabali lazima isimame tena, ikasimama baada ya miaka saba. Mwandishi amesimama mbele ya jambo hilo, akaona ukungu.

Sasa geuza shingo kidogo. Pale tulipokuwa tumekaa, mgongoni kwetu lipo Beit el-Ajaib. Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, na katika maisha yangu yote limeandikwa kwa sentensi moja ile ile: adhimu, jeupe, linaitazama bahari. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka, watu wawili wakafa. Walikuwa kazini, jengo likiwa kwenye matengenezo. Nilifika jioni ile ile. Vumbi lilikuwa bado halijatulia kwenye majani ya bustani. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba wiki iliyofuata kurasa za safari ziliendelea kutumia picha ya zamani, jengo zima, machweo nyuma yake. Wala sidhani walikuwa wanadanganya. Walikuwa hawana sehemu katika maandishi yao ya kuwekea kuta zinazokula maji, nguzo zilizochoka, bajeti, fundi aliye juu ya jukwaa. Ukishaliita jengo mandhari, umeshasema halihitaji mtu.

Najua jibu, nililipata papo hapo Forodhani: lakini uzuri upo, bwana. Mlima upo. Ukungu upo. Mtu asiandike alichokiona?

Aandike. Mie mwenyewe nimepanda mlima wa namna hiyo, na sitajifanya sikutetemeka. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Sri Lanka kwenye mafunzo ya kazi, na siku mbili za mwisho nikazitumia kwenda Sri Pada. Ni mlima wa mita 2,243, umechongoka kama kofia ya dervishi, na juu kabisa, kwenye kilele chembamba, Wabudha wana hekalu dogo lililofunika alama ya unyayo kwenye mwamba. Wao wanasema ni unyayo wa Buddha. Wahindu wanasema wa Shiva. Wakristo wengine wanautaja wa Mtakatifu Thomas. Waislamu tunasema ni wa Nabii Adamu, na Wazungu nao wameuandika kwenye ramani zao kwa jina hilo la Adamu.

Watu hupanda usiku ili wafike alfajiri. Nilitegemea kimya, nilikuwa nimesoma insha kama hizi. Kimya! Msimu wa hija unaanza mwezi mpevu wa Disemba hadi ule wa Mei, na usiku niliopanda mlima ulikuwa kama Darajani siku ya mwisho wa Ramadhani. Ngazi zaidi ya elfu tano, taa mwanzo hadi mwisho, vibanda vya chai kila baada ya kona, redio, vitoto vinalia, vijana wanaimba, wauza pipi, wauza kofia za sufu. Wanawake wa umri wa bibi yangu wanapanda peku, ngazi moja, pumziko, ngazi moja, wajukuu wamewashika viwiko. Mahali fulani njiani wanasimama kufungua uzi mweupe na kuufunga pembeni mwa njia, na nyuzi za watu waliotangulia zimekuwa kama nyavu. Mtu ukipishana naye anakusalimia "karunavai", na kwa mujibu wa kijana aliyekuwa akinisukuma kwa maneno, maana yake ni kutakiana huruma. Nilikuwa nahema kiasi cha kushindwa kuitikia. Niliona haya kweli: nyuma yangu alikuwa ajuza asiye na meno ameitikia watu wote.

Kileleni kuna kengele. Unaipiga mara kadiri ulivyowahi kupanda. Mie nikapiga moja. Yule ajuza alipofika, baada yangu kwa kama nusu saa, akashika kamba akaanza kupiga. Watu walinyamaza wakahesabu. Nilipoteza hesabu nilipofika kumi na kitu kwa sababu jua lilianza kutoka na wote tukageukia upande wa pili, ambako kivuli cha mlima kilijitupa juu ya mawingu, pembetatu iliyonyooka utadhani imepigwa rula.

Ndiyo, kivuli kile ni kitu cha ajabu. Lakini ningerudi na kivuli bila yule bibi na kengele yake, ningekuwa nimeiba. Na tena ningekuwa nimeandika vibaya, jambo ambalo kwa wasomaji wa hapa nadhani lina uzito zaidi.

Tena kuna jambo la pili, na hili lilinipata palepale juu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi na soksi zilizolowa. Mlima huu nilikuwa naujua. Nilikuwa naujua tangu nina miaka sita. Maalim wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia jioni tukishamaliza juzuu kwamba Nabii Adamu aliposhushwa duniani aliangukia Sarandibu na Bibi Hawa akaangukia Jiddah, wakatafutana mpaka wakakutana Arafa. Kisa hicho hakimo kwenye Qur'ani. Ni masimulizi ya wanazuoni na wasafiri, ila mtoto hatenganishi. Sarandibu kwangu ilikuwa mahali kama Chake Chake, mbali kidogo lakini watu wanafika. Sikujua ndo Ceylon, ndo Sri Lanka. Hakuna aliyeniunganishia.

Ibn Battuta alijua. Mwaka 1331 alipita pwani yetu hii, akalala Mombasa, akafika Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Miaka kama 13 baadaye akaupanda mlima ule ule wa Sarandibu, na katika kitabu chake cha safari anaeleza minyororo ya chuma ambayo watu waliishika kupanda, na unyayo kwenye jiwe jeusi, na hata analalamika kwamba Wachina wa zamani walikata kipande cha kidole gumba wakaondoka nacho. Mnaona namna anavyoandika msafiri wa kweli? Minyororo. Kidole gumba. Nani kachukua. Msafiri mmoja, mwendo mmoja wa pepo za msimu, Kilwa na Sri Pada katika kitabu kimoja. Kwa hiyo mtu wa pwani hii anapoandika hekalu la mlimani huko Asia kama kitu kilichodondoka kutoka sayari nyingine, anachoonesha ni usahaulifu tu, na huo usahaulifu anauita mshangao.

Nikarudi nyumbani na moto. Nikajiambia, kama watu wa Sarandibu walikuwa kwenye hadithi zetu, lazima walikuwa kwenye mitaa yetu. Walikuwepo, tena karibu mno. Dar es Salaam, Upanga, lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon enzi za ukoloni. Wenyewe wanaliweka kwenye mwaka 1920 na mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza katika bara la Afrika. Ndani ya ua kuna mti wa bo, ndugu wa mkuyu wetu, jani lake lina umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia wa panya. Wenyeji wa hekalu wanasema mche wake ulitoka kwao. Ni mti wa ukoo ule ule wa mti wa Anuradhapura, ambao nao ulitoka India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwenye mti ambao Wabudha wanaamini Buddha alikaa chini yake.

Nilisoma miaka mitatu Mlimani. Miaka mitatu! Nimepita Upanga kwa daladala mara ngapi sijui, nimemuuguza rafiki Muhimbili, nimenunua vitabu vya mitumba mjini, na hakuna mhadhiri, mwanafunzi mwenzangu, konda wala kitabu kilichowahi kuniambia kwamba pale nyuma ya ukuta kuna mti wa namna hiyo. Nikaenda. Nikavua viatu. Mtawa aliyenipokea alikuwa na kanga ya rangi ya manjano ya machungwa (najua si kanga, ndivyo ilivyonijia) na simu mbili. Mzee mmoja mtunza bustani, Mzaramo, Mwislamu, alikuwa anafagia majani ya bo, akaniambia kwa uchungu kabisa kwamba mti ule hauna adabu, unamwaga majani hata siku umefagiwa. Nikamwuliza kama haogopi mti mkubwa hivi, wa jamii ya mkuyu, manake kwetu mkuyu una wenyewe. Akasema, "Hawa jamaa wameshaongea nao." Nadhani ni sentensi bora kuliko insha nzima ya Taktsang.

Nikaandika makala. Nikaipeleka gazeti moja ambalo sitalitaja, na mhariri ambaye sitamtaja, mtu ninayemheshimu mpaka leo. Akanirudishia baada ya siku mbili. Alisema imeandikwa vizuri ila haina mvuto wa safari. Nikamwuliza mvuto gani. Akasema, kaka, hekalu la Wabudha bila mlima nani atasoma? Picha yenyewe ina geti. Kweli picha yangu ilikuwa na geti, na nguzo ya umeme. Baada ya wiki kadhaa ukurasa ule ule ulitoka na mahekalu kumi ya kutembelea kabla hujafa, yote ya Asia, yote juu ya majabali, picha za kununuliwa. Ninayasema haya si kwa kinyongo. Au kwa kinyongo kidogo tu.

Jamani, fikirini maana yake. Hekalu la Budha likiwa mlimani Asia ni fasihi. Likiwa Upanga kwenye nguzo ya umeme si kitu. Kwa hiyo hatukuwa tunatafuta hekalu kamwe. Tulikuwa tunatafuta mbali.

Lugha nayo inatusaidia kukosea. Neno hekalu tumelipata Kiarabu, na kwa wengi wetu limebeba harufu ya Nabii Suleiman na Biblia ya shule: kitu kikubwa, cha kale, kilichobomoka. Hatusemi "naenda hekaluni" kama tunavyosema naenda msikitini. Ni neno la kuangalia tu, siyo la kuingia. Halafu kuna sanamu. Mie nimekua nikisikia neno hilo kwa uso uliokunjwa. Kwa Kiswahili, ile ya Buddha, ile ya Askari pale mjini Dar es Salaam na mdoli wa duka la nguo vyote vitatu ni sanamu, na mwandishi asiyejali anaweza kuandika "waabudu sanamu" akidhani ameeleza kitu. Sisemi tubuni istilahi mpya, Mungu apishe mbali, tunazo za kutosha zisizotumika. Nasema mwandishi anayejua neno lake limepinda anapaswa kulinyoosha kwa maelezo: mtu huyu anafanya nini mbele ya umbo hili, anaweka ua gani, anasema maneno mangapi, anaondoka saa ngapi. Niliuliza Upanga. Kinamama wa Kisinhala waliokuwepo walinieleza habari ya maua kwa dakika ishirini: ua linanyauka, na kunyauka kwake ndo somo. Sikuhitaji ukungu hata kidogo.

Na kabla hamjaniambia kwamba hayo ni ya Dar, ngojeni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na bangili ya fedha yenye nakshi ya majani, nyembamba, imeliwa na miaka. Nikamwuliza siku moja, nikiwa nimetoka safari ile na kichwa kimejaa Ceylon, ilitoka wapi. Akasema kwa sonara, mjini, karibu na Gizenga. Mhindi? "Si Mhindi. Mtu wa Siloni." Alisema kama anavyosema mtu wa Makunduchi. Alimkumbuka mke wake sonara kwa jinsi alivyovaa, na mkono wake wa kupika mchuzi wa nazi, mwekundu, mkali, "kama wetu ila una hasira". Masonara wa Kisinhala walikuwa na maduka Mji Mkongwe kabla ya Mapinduzi ya 1964, na kama wengine wengi, wengi wao hawakubaki. Bibi hakujua walikokwenda. Alisema tu kwamba aliacha herini kwa sonara yule kutengenezwa, na duka likafungwa.

Herini ile haijanitoka akilini. Ni riwaya nzima, na hakuna aliyeiandika. Tunao mfano kwamba inawezekana: Adam Shafi katika Vuta N'kuvute alimchukua Yasmin, binti wa Kihindi wa mji huu huu, hakumfanya pambo la dirishani. Ana tumbo linaloona njaa, ana mume asiyemtaka, anakosea, anapenda, anahama mitaa. Kitabu kilitoka 1999, kikafika kwenye filamu ya Amil Shivji mwaka 2021, na bado ukiuliza tuna Yasmin wangapi katika fasihi ya Kiswahili utahesabu kwa vidole na vidole vitabaki. Yuko wapi sonara wa Siloni? Wako wapi Wapasi? Wageni wanamiminika Shangani kuuliza nyumba ya Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na wauza fulana wanamjua kuliko mimi. Nani kati yetu ameandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu nyumba ya moto ya watu wake, waliyoijenga Unguja hii hii wakaiacha? Haina mlima. Ina magugu.

Rafiki yangu aliyetusomea insha, nimtendee haki, alinipigia kesho yake. Akasema amekuwa akifikiri, na kwamba pengine mwandishi wa Taktsang hakuruhusiwa kuongea na watawa, au alikosa mkalimani, au alikuwa na siku moja tu. Huenda yote ni kweli. Basi aandike hivyo! Aandike: nilikuwa na siku moja, sikuelewa neno hata moja, goti liliniuma, mtawa mmoja alikuwa na simu mbili. Msomaji angemwamini, na mlima usingepungua hata futi.

Nikamwambia rafiki yangu kwamba Mei, mwezi ukiwa mpevu, Wabudha wanaadhimisha Vesak, na kwamba nakusudia kupanda boti ya asubuhi niende Upanga. Sisi watu wa mwezi mwandamo, tukaangalie wenzetu wanaosubiri mwezi ujae. Nikamwambia yuko huru kuja, na aje na daftari, asije na ile simu yake ya picha. Akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikamwambia sijui, ila kuna mzee anayefagia majani, na kama hatuna la kufanya atatupa ufagio.

Anasema atanijibu. Wakati huo huo nimemuomba mama bangili ile. Imebaki moja, ya pili bibi alizikwa bila yake na hakuna anayejua ilipo. Nyuma ya nakshi, upande unaogusa ngozi, kuna alama tatu ndogo za herufi ambazo siwezi kuzisoma. Nimezipiga picha, geti na nguzo ya umeme havimo safari hii, na nitakwenda nazo Upanga kwa wale kinamama wa maua.